Kuku Yenye Bénie Alipokea Mulimani

Butembo, Rughenda
Tarehe 2, mwezi wa tisa, 2023

Mupendwa dada yangu mukubwa, Yaya Virginie,

Sasa hivi mutoto wangu Bénie amechukua kitambaa ya kichwa ya mama mukwe, amefunga nayo kabidon ya mafuta, amekaweka ku mugongo, na kamba ameipitisha ku kipaji ya uso, vile bamama ba mulima banabeba mizigo. Anazunguka nyumba ameinama, analia, “Eeh, mugongo yangu! Eeh, mugongo yangu!” Na ndani ya kabidon hakuna kitu, Yaya, hata maji ya kunawa. Nimecheka mpaka bic ya kuandikia imeanguka. Ukiona mustari hii ya kwanza imepinda, ujue ni yeye.

Habari ya Kisangani? Shemeji Ananie aliisha kupona ile homa? Batoto banasoma? Joto ya huko inawaacha mulale? Sisi hapa Mungu anatuchunga. Miye nilikuwa na kikohozi ya vumbi ya kiangazi, mais ilipita. Siméon wangu yuko muzima, juzi alienda Kanyabayonga na camion ya patron wake kupakia maharagi, tunamungoja. Mama mukwe naye yuko muzima, na habari yake njo imenishikisha bic.

Ningekutumia message, mais kuna mambo yenye hapana sema ku telefone. Telefone inapita mu mikono ya batu bengi. Barua hii nampa Papa Gamaliel, dereva, akuwekee ku mukono. Ukimaliza kuisoma, uisome tena, kisha washa nayo makala.

Yaya, siku ya ndoa yangu ulinivuta nyuma ya jikoni, ukaniambia: “Agar, ule Mama Kasika, mama mukwe wako, hapana cheka. Utaishi namna gani na mutu mwenye hapana cheka?” Tangu pale kila mara unaniuliza kama ananitunza vizuri, na miye najibu tu, tunaishi. Leo nataka kukujibu vizuri.

Unajua vile tulitoka Beni mbio, juu ya vita. Shamba ya kakao tuliiacha na matunda imeiva ku miti, tukakuja na mutoto na masufuria. Hapa Rughenda tunapanga nyumba, nauza makala ku sahani mbele ya mulango. Mais mulimaji kununua chakula kila siku, Yaya, ni kama kununua maji mvua ikinyesha. Mama Kasika alikuwa anakonda. Si kwa njaa. Alikuwa anaangalia mikono yake, anaona haina kazi.

Mu mwezi wa saba, alikuwa anachambua maharagi, bila kuinua macho akasema: “Marehemu aliacha udongo kule mu milima ya Lubero. Twende tuiangalie mbele ya mvua.” Marehemu ni Papa Syauswa, baba ya Siméon. Shamba yake iko juu kabisa, karibu na musitu ya mianzi, na tangu batu ba kule balikimbia hakuna mutu wetu alifika tena.

Siméon akasema ataenda yeye. Mama akakataa. “Mwanaume akitoka mu pori, banamuuliza bunduki iko wapi. Mwanamuke akitoka mu pori, banamuuliza kuni iko wapi. Nitaenda na Mama Bénie.” Siméon akaenda kumutafutia kamba ya kitunga.

Tulipanda moto, pikipiki ya kulipa, mpaka pahali barabara inaishia, kisha miguu. Bénie ku mugongo yangu, Mama mbele na kitunga yake, kamba ku kipaji, shapule ya kusali mu mukono. Yaya, miye nilizaliwa mu joto, sikujua kama inchi yetu iko na pahali ya namna ile. Ukungu inalala chini yako, na weye uko juu yake, kama kuku ku paa. Mianzi inasemezana. Maji inatoka mu mawe, baridi mpaka meno inauma. Mama hapana pumzika. Miye kijana nilikuwa nahema kama mbuzi ya kuuzwa, yeye anasali tu.

Tulipokaribia, akasimama.

“Mama Bénie, shamba yenye haina mutu, nani anafagia njia yake?”

Kweli, njia ilikuwa safi, majani imekatwa pande zote mbili. Miye sikuwaza kitu. Nilikuwa nimeona mahindi, nikasema, Mungu asifiwe, Mama, mahindi imejiotea yenyewe! Akaniangalia tu. Mahindi imejiotea mu mustari, kama batoto ba masomo!

Tukapita mistari ya mahindi, na ndani yake, Yaya, nikapiga kigelegele: sombe! Sombe mingi, majani ya muhogo, kijani, refu kunipita miye, imefunguka kama vidole ya mukono. Tangu tutoke Beni sijaona sombe ya kuchuma bure. Nikashusha mufuko yangu, nikaanza kukata ile ya juu, ile laini. Nilisha kuona mawese inachemuka.

“Unafanya nini?”

“Mama, nachuma sombe ya leo.”

“Sombe? Weye mutoto wa Beni! Muhogo gani inaweza kuishi mu baridi hii? Nusa.”

Nikanusa.

“Ni bangi,” akasema. “Unataka kutupikia bangi, tulale mpaka Noeli?”

Na pale, Yaya, Mama Kasika akacheka. Ule mama mwenye hapana cheka! Alijiziba mudomo na kitambaa, mabega inaruka, machozi inatoka, anasema, “Sombe… sombe ya Noeli…” Na miye nikacheka, na Bénie akacheka bila kujua kitu, na kicheko ile ikapanda mulima mbele yetu. Njo ilituuza.

“Nani kule?”

Alitoka mwanaume mumoja, kijana kama Siméon, manteau ya mvua ku mwili, mupanga mu mukono. Jina yake Maliro, tulijua nyuma. Bibi yake Ornella alikuwa anamufuata, na mimba kubwa. Na banaume bengine babili bakasimama ku njia kwenye tulitokea. Njia ya kurudi ikawa yao.

“Bamama, mumepotea?”

“Hapana. Wavukire, mwana wangu,” Mama akamusalimia kwa Kinande, pole pole, kama mutu amekutana naye ku mulango ya kanisa. Na akajibu! Unajua batu betu. Hata akiwa na mupanga, mukaka, mama muzee, akimusalimia, lazima ajibu salamu. Mama akamuuliza habari ya bibi yake, ya mimba, ya baridi. Akajibu yote. Kisha njo Mama akauliza:

“Unalima udongo ya nani?”

“Ya mwenye nguvu, mukaka. Pori haina jina.”

“Hii iko na jina. Ile miti ya mupaka, nilipanda na bwana yangu Syauswa, mwana wangu akiwa bado mu tumbo.”

Maliro akaacha kuangalia Mama. Akaangalia miye. Yaya, nilikuwa bado nashika majani!

“Na huyu? Anapeleka bangi yangu wapi? Kuonyesha nani?”

Nilijua anawaza kama sisi ni macho ya serikali. Mutu mwenye anawaza vile, mu pori ile, akitukata, hakuna mwenye atamuuliza kwa nini. Nikafungua mudomo, Mama akanitangulia.

“Ule?” Mama akasema. “Ule alitaka kupika sombe.”

Kisha Ornella akapiga mikono. “Sombe! Mungu wangu, sombe! Maliro, alitaka kupika sombe!” Akashika tumbo yake juu ya kucheka. Hata bale babili ba njia bakageuza uso. Mumoja akaniuliza kama nilileta na chumvi.

Mais Maliro hakucheka mingi. Alisema neno ku sikio ya bibi yake, Ornella akaenda ku kibanda, akarudi na kuku ya rangi nyekundu, ya mafuta. Maliro akaitwaa, akasogea.

“Mukaka, tusigombane. Kamata, ni ngemu yako. Rudi kwenu, kula, nyamaza.”

Weye ulitoka kwetu zamani, Yaya, pengine ulisahau mambo ya ngemu. Mutu akilima udongo ya mwingine, analeta kuku ao mbuzi kwa mwenye udongo. Mwenye udongo akiipokea, imeisha: amekubali mulimaji, na amekubali kile analima. Donc kama tunashika ile kuku, bangi ile inakuwa na jina yetu. Siku serikali itapanda kule na kuuliza, shamba ni ya nani, jibu ni: ya Siméon, mwana wa Syauswa. Na Siméon wangu anaenda mu gereza kwa kitu yenye hata hajanusa.

Mama akarudisha mikono yake nyuma. “Mama Bénie, hapana shika!”

Nikatupa majani, nikaficha mikono chini ya matako ya mutoto. Maliro akasukuma kuku mpaka karibu na kifua yangu. Nikarudi nyuma. Akasogea tena. Na Bénie, mwenye anapenda kuku kuliko baba yake, akajinyoosha juu ya bega yangu, akaishika bawa kwa mikono yote mbili.

“Koko yangu!”

“Imepokelewa!” Maliro akalia. “Damu ya Syauswa imepokea! Mumeona?”

“Tumeona!” bale babili bakajibu.

Nikajaribu kumufungua vidole, akalia kama namuchinja. Kuku inalia, mutoto analia, na miye karibu nilie. Nikamuangalia Mama. Alikuwa anatoa kamba ku kipaji, anashusha kitunga chini pole pole, ananyoosha mugongo. Nikajiambia, basi, ameshindwa.

“Ni kweli,” akasema. “Imepokelewa.”

Maliro akatikisa kichwa, ameridhika.

“Sasa, mwana wangu, uniambie. Ngemu, mutu anatoa kwa nani?”

Mumoja wa bale ba njia, ule wa chumvi, akajibu bila kuwaza: “Kwa mwenye udongo, mukaka.”

“Eh. Kwa mwenye udongo. Ulisema pori haina jina. Mais mbele ya bibi yako na bashahidi bako umetoa ngemu kwa mujukuu wa Syauswa. Umesema kwa mukono yako kama udongo ni yake. Donc tangu leo, weye ni mulimaji wa Bénie. Na mwenye udongo njo anasema kitu gani itapandwa mu udongo yake.”

“Mukaka, ule mutoto hata kusema hajui!”

“Kupokea anajua, weye njo ulisema. Kusema, nitamusemea miye.”

Yaya, weka barua chini kidogo, uwaze ile maneno. Mujane, mbali na batu, mbele ya mupanga. Miye ningelia, ningeomba ruhusa, ningeacha udongo na kuku na kila kitu. Yeye alitwaa kamba yenye ilikuja kumufunga, akaifungia mwenye kuileta.

Maliro akabadilisha mupanga mu mukono, akaishika vizuri. Pale hakuna mwenye alicheka. Ni Ornella alisema kwanza.

“Kuku ni yangu. Nimeilisha miye. Sikuitoa ya uongo.” Akaweka mukono ku tumbo. “Na huyu, Maliro, atazaliwa ku udongo ya nani? Ya mwenye nguvu? Nguvu ikihama?”

Mama hakuongeza neno juu ya ngemu. Aliinama, akaangalia mifereji yenye imechimbwa kati ya mistari ili maji ya mulima isibebe udongo. Na kweli ilikuwa kazi ya kushangaza, hata miye niliona. Hakuna jiwe moja ilikuwa pahali mubaya.

“Nani alichimba hii?”

“Miye.”

“Peke yako?”

“Peke yangu.”

“Hata marehemu hakuweza kushika maji vile. Mukono kama hii!” Mama akasema, na haikuwa maneno ya kumubembeleza, alikuwa anapitisha vidole ku ukingo ya mufereji kama mutu anashika kitambaa ya bei. “Mukono kama hii, na inalisha moshi.”

Maliro akaangalia chini. Kidogo kidogo akasema yake. Naye alikimbia kwao. Hana udongo pahali popote. Kuko bakubwa benye balimupa mbegu, na banakuja kubeba. Ni nani, sikuuliza, na hata ningejua singekuandikia. Akasema, “Nikiing’oa, nitabaambia nini?”

“Utabaambia mwenye udongo amerudi. Na tutarudi.”

Bakapatana pale pale. Mahindi ni yake yote, avune. Ile ya katikati itoke. Mvua ikianza, sisi tunaleta mbegu ya viazi, yeye analeta ile mukono yake, tunalima pamoja, na ngemu ataleta kila mavuno, ya kweli. Na Mama akasema kuku haishuki mulima, inaliwa hapa, na bote. Ornella akaichinja, tukaikula na bundu, ugali ya mahindi, sisi na Maliro na bale babili. Maini bakampa Bénie, juu yeye njo mwenye udongo. Akaikula huku analilia kuku yake.

Wakati ya kushuka nikamuuliza: “Mama, haukuogopa?”

“Magoti ilikuwa inacheza. Unafikiri nilishusha kitunga kwa nini? Ningeanguka nayo.”

Njo huyu mama mwenye uliogopa nitaishi naye, Yaya. Tangu siku ile, nikimuona asubuhi anapuliza moto, nasikia kama nimeolewa mara mbili, na mara zote mbili nilipata vizuri. Na sasa anacheka! Nikiweka sufuria ku moto tu, ananiuliza, “Ni sombe?”

Wiki iliyopita Ornella alishuka ku soko na mutoto wake muchanga ku mugongo, muvulana, akatutafuta mpaka hapa. Maliro aling’oa bangi yote, akaizika mu shimo. Hakuichoma, alisema angeichoma, mulima muzima ingecheka kama Mama. Mais bale bakubwa balikuja. Balipiga kelele, balimusukuma, bakauliza huyu mwenye udongo ni nani, aonekane. Maliro hakukimbia. Akabaambia, anakuja na mvua. Bakasema: sawa, tutarudi kumuona.

Mvua ilianza juzi. Donc tunaenda leo, Yaya. Si kwa viazi tu. Mwanaume ule amesema kama udongo iko na mwenyewe, na mutu akisema neno ya namna ile kwetu, lazima akute batu nyuma yake. Pasipo hiyo anakufa peke yake na neno yake. Mama aliongea na bamama ba shirika ya kanisa, banakuja na majembe, tutafanya salongo, kazi ya pamoja, ya siku nyingi. Alituma neno kwa chef wa udongo, mukubwa wa mashamba ya kule, naye atapanda mulima. Siméon atatufuata akitoka Kanyabayonga. Bénie lazima aende. Nimemushonea sweta.

Naogopa, sitakudanganya. Mais kuogopa kwa leo haifanani na kule kwa kutoka Beni. Kule tulikuwa tunaogopa tukikimbia. Leo naogopa nikienda, na mbegu ku kichwa.

Salimia sana Shemeji Ananie. Bakumbatie Éliakim na Shekinah, ubaambie mudogo wao anajua sasa kubeba kabidon. Tante Gracieuse, kama bado anaishi karibu na weye, umwambie dawa ya kikohozi yenye alinifundisha ilinisaidia. Mungu aweke mukono juu ya nyumba yako, asikuonyeshe mulango ya kukimbilia tena, akupe mulango ya kuingilia. Miye ni mudogo wako Agar, mwenye kukubeba mu moyo kila siku.

Yaya, neno moja tena. Usiombe tu viazi iote. Uombe bale bakubwa bakirudi na kuuliza, miye nisingoje Mama anijibie. Tangu asubuhi najizoeza, hata mbele ya sufuria. Nitasimama, nitabasalimia kwanza, nitabauliza habari ya bibi zao, kisha nitasema: miye ni Agar, bibi ya Siméon mwana wa Syauswa, na shamba hii yenye munaona… Mama ananiita inje, “Mama Bénie! Mbegu ilisha kupanda moto, tunakuacha!” Nakuja, Mama! Papa Gamaliel naye ananyoosha mukono anataka barua, Yaya, nilikuwa nasema nitabaambia shamba hii ni ya…